Undugu Hauongozi Kambi: Chagueni Kiongozi Kabla ya Kushuka Kurina Asali

Huku Ibaba baridi imeshaanza kuuma, maharage yameanuliwa, na kama ilivyo kawaida ya msimu huu watu wanaulizana nani ana ndoo za ziada, nani ana bomba la moshi, na safari hii gari la kushuka bondeni litakuwa la nani. Muda si mrefu makundi yatashuka kwenda kwenye mizinga iliyoko kwenye misitu ya joto huko chini. Watu wazima kumi, kumi na wawili, watalala chini ya turubai moja, watapika sufuria moja na kuteka maji kisima kimoja kwa wiki moja au mbili.

Maswali yote hayo ni mazuri. Lipo moja ambalo sijasikia mtu akiuliza: huko kambini, nani atakuwa kiongozi?

Leo sitafundisha namna ya kukagua mzinga. Hilo tumeshalizungumza sana hapa. Leo nasema jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu, na litawaudhi baadhi ya maafisa wenzangu. Kambi zetu za kurina hazivunjwi na nyuki wakali. Hazivunjwi na nyegere wala wezi wa mizinga. Tunazivunja wenyewe, kwa kukataa kukubaliana mapema nani ana neno la mwisho. Na kila nikilisema hili kwenye mkutano, najibiwa kwa sentensi moja: "Afisa, sisi ni ndugu, tutaelewana huko huko."

Ndugu yangu, hamtaelewana huko huko. Nimekuwepo, nimeona, na safari moja mkosaji nilikuwa mimi.

Kambi niliyoiongoza vibaya

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Nina stashahada yangu mpya, nina buti mpya, na nina haraka ya kuonekana nafanya kazi. Kikundi kimoja kiliniomba nishuke nacho kambini ili niwaelekeze uvunaji bora. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Siku ya kuondoka mzee mmoja akasema, "Afisa ndiye mtaalamu, basi yeye ndiye mkubwa wetu." Wote wakapiga makofi. Nikakubali kwa furaha, wala sikuuliza ukubwa huo una mamlaka gani. Sikuijua njia ya msitu ule. Sikujua nani ana ugomvi na nani. Nilijua mzinga, sikuwajua watu.

Siku tatu za kwanza kazi ilikwenda vizuri. Siku ya nne alfajiri, mwenye pikipiki alipakia ndoo mbili za asali akaenda kumuuzia mnunuzi barabarani. Hakumuaga mtu. Pikipiki ni yake, ndoo alisema ni zake, amuage nani?

Jioni ile tulikuwa tunarina mizinga ya mwisho. Kijana mmoja wavu wake wa usoni ulikuwa umechanika, akauziba kwa mkono akaendelea. Unajua nyuki wetu walivyo: mmoja akishachoma anaacha harufu inayowaita wengine. Walimwingia. Tulipomtoa pale alikuwa amechomwa usoni na shingoni mara nyingi sana. Baada ya dakika chache akaanza kutapika, midomo ikavimba, na pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Pikipiki haipo. Mtandao wa simu haupo. Kila mtu akanitazama mimi mkubwa wa kambi, na mimi sikujua hata njia ya mkato ya kufika barabarani.

Aliyeijua ni mpishi wetu, mtu mkimya ambaye kwa siku nne hakuna aliyemuuliza chochote isipokuwa ugali umeiva au bado. Yeye ndiye aliyekata miti miwili, akafunga blanketi, tukapata machela. Tulitembea zaidi ya saa mbili gizani. Kijana alifika zahanati akiwa hai, akachomwa sindano, akapona. Nasema akapona kwa sababu Mungu alitaka. Uongozi wangu haukusaidia kitu.

Tuliporudi kambini ndipo vita ikaanza. Fedha za matibabu anatoa nani? Mwenye pikipiki akasema hakumchoma yeye. Mjomba wa kijana akasema basi atachukua ndoo nne za asali kufidia. Ndoo za nani? Hazikuwa na majina. Zilikuwa zimepangwa chini ya mti, zote nyeupe, zote zinafanana. Usiku ule watu wawili walishikana mashati, na asubuhi kambi ikavunjika huku mizinga kadhaa haijaguswa.

Kikundi kile hakijawahi kushuka tena pamoja. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mhazini yupo. Muhuri nao upo mpaka leo.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Ukitafuta mtu mbaya katika hadithi hiyo hutampata. Mwenye pikipiki si mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa siku zile kumi pikipiki yake ndiyo gari letu la wagonjwa. Mjomba naye si mwizi, alikuwa na mtoto wa dada yake aliyenusurika kufa. Tulichokosa ni makubaliano ya mapema na mtu wa kuyasimamia.

"Sisi ni ndugu"

Sasa nijibu hoja zenu moja moja, na naanza na hii ya undugu kwa sababu ndiyo kubwa.

Mnasema undugu unatosha. Mimi nasema undugu ndio unaofanya makubaliano yawe ya lazima zaidi. Ukigombana na mgeni kambini, kila mtu atakwenda kwao na yataisha. Ukigombana na shemeji yako, mtakutana msibani, mtakutana kisimani, na watoto wenu wanasoma shule moja. Ugomvi wa ndoo moja ya asali utakaa kijijini miaka kumi.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema. Undugu unafunga midomo ya wadogo. Kijana akiona baba mdogo wake anakata masega ambayo nyuki hawajayafunika, afanye nini? Anajua asali hiyo ina maji mengi, na anajua ikichanganywa na nyingine kwenye pipa itachachisha pipa zima. Lakini atamwambiaje baba yake mdogo mbele ya watu? Atanyamaza. Pipa litachacha, mnunuzi atalikataa, na hasara itakuwa ya wote.

Mkikubaliana kabla ya kushuka kwamba haivunwi sega ambalo robo tatu yake haijafunikwa, na mkaliandika kwenye daftari, kijana hana haja ya kumkosea mtu adabu. Anasema tu, "Baba, daftari letu linasemaje?" Heshima ya mzee imebaki palepale na pipa limepona. Kanuni mliyokubaliana pamoja inampa mdogo nafasi ya kusema ukweli bila kuonekana mkaidi. Anayekataa kanuni kwa jina la undugu, mara nyingi ni yule ambaye undugu unamnyamazishia wengine.

"Mwenye gari ndiye mkubwa"

Hoja ya pili haisemwi kwa sauti, ila inatendeka. Mwenye gari, mwenye pikipiki, au mwenye mizinga mingi ndiye anayeamua siku ya kushuka, siku ya kupanda, na nani apakie kwanza. Wengine wanamfuata kwa sababu wasipomfuata watabeba ndoo kichwani.

Tazameni wenzetu wavuvi wa pwani. Wao wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhama na kupiga kambi mbali na kwao kwa majuma au miezi kufuata samaki. Wameishi hivyo vizazi na vizazi. Katika uvuvi wao, mapato yanagawanywa kwa mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana mafungu yao. Na mara nyingi tajiri mwenye chombo siye nahodha. Nahodha ni yule anayeijua bahari, na chombo kikishatoka amri ni yake.

Jifunzeni hapo. Mwenye gari anastahili kulipwa gari lake, na alipwe vizuri: mafuta, uchakavu, na jasho lake la kuendesha. Kaeni naye kabla ya safari, pangeni kiasi, andikeni. Lakini mkishamlipa fungu la gari, hamna deni naye la utii. Tatizo letu ni kwamba hatutaki kumlipa, tunataka lifti ya bure, na yeye anajilipa kwa kutuamrisha. Hapo wa kulaumiwa ni sisi.

"Mbona Wahadzabe hawana kiongozi?"

Hoja hii nilipewa na mwalimu mstaafu kwenye mkutano, na nilimheshimu kwa kuileta. Alisema kuna watu hapahapa Tanzania ambao maisha yao yote ni kambi ya kuwinda na kurina, na hawana mkuu. Kwa nini sisi tuhitaji?

Ni kweli. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi wanaishi katika kambi ndogo, wanawinda kwa upinde, wanachimba mizizi na wanarina asali ya pori. Mtaalamu mmoja Mwingereza, James Woodburn, alianza kukaa nao mwaka 1958, na mwaka 1982 aliandika kuhusu jamii za namna hiyo zisizo na wakubwa na wadogo. Alieleza kwamba kambi inaweza kuitwa kwa jina la mtu mzima fulani anayefahamika, lakini mtu huyo hana mamlaka ya kuwaamuru wenzake. Hakuna wa kumzuia mtu kuondoka, na hakuna wa kumlazimisha kubaki.

Lakini mwalimu wangu, soma mpaka mwisho. Hawana mkuu, ila wana kanuni ambazo hazichezewi. Mnyama mkubwa akiangushwa, nyama haibaki ya aliyemwangusha, inagawanywa kambini. Kuna sehemu maalumu za nyama ambazo haziliwi na kila mtu, na kila mmoja anajua hivyo tangu utotoni. Hakuna anayeuliza "hii ni ya nani" usiku wa manane, kwa sababu jibu lilikuwepo kabla hajazaliwa. Na wakishindwana, wana dawa ambayo sisi hatuna: wanahama. Mtu anachukua upinde wake, mke wake na watoto, anakwenda kambi nyingine, na ugomvi umeisha bila hakimu.

Wewe utahamia wapi? Uko bondeni na ndoo sita za asali, gari ni moja na linarudi Jumamosi. Nyumba yako iko Ibaba jirani na uliyegombana naye. Hatukulelewa katika kanuni zile, na hatuna mlango wa kutokea. Anayeutaka uhuru wa Wahadzabe aanze kwanza na kanuni zao za kugawana. Akishaziweza, tutazungumza habari ya kukaa bila kiongozi.

Na sisi maafisa

Sasa nijigeukie mwenyewe na wenzangu, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki.

Sisi ndio tuliowafundisha kwamba kikundi ni muhuri. Kikundi kikitaka mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, tunawaambia leteni katiba. Tunawapa katiba ya kikundi kingine wabadilishe jina. Nimeona katiba ya kikundi cha wafugaji nyuki yenye kifungu kinachohusu ugonjwa wa kuku. Katiba hizo zina mwenyekiti, katibu, mhazini na faini ya kuchelewa kikao. Hazina neno hata moja kuhusu kambi, mahali ambapo asali inatoka na ambapo mtu anaweza kufa.

Tunapima kazi yetu kwa idadi ya mizinga iliyotundikwa na idadi ya watu waliohudhuria mafunzo. Hakuna fomu inayoniuliza kambi ngapi zilirudi zikiwa bado zinasalimiana. Kwa hiyo hatufundishi. Tunamfundisha mtu kuvaa kinga dhidi ya nyuki, tunamwacha wazi mbele ya mwenzake.

Kiongozi wa kambi ni nani

Basi nasema ninachotaka mfanye. Kabla ya kushuka, chagueni kiongozi wa kambi. Si lazima awe mwenyekiti wa kikundi, na mara nyingi asiwe yeye. Mwenyekiti anaweza kuwa hodari wa kuzungumza na ofisi ya kata na asijue njia ya maji msituni. Si lazima awe mzee kuliko wote. Asiwe afisa ugani, hata akijipendekeza. Awe mtu anayeujua msitu ule, anayeweza kukaa na hasira za wengine bila kuwasha zake, na ambaye ndoo zake mwenyewe si nyingi kiasi cha kumtia tamaa. Katika kambi yangu ile mtu huyo alikuwa mpishi. Hatukumwona.

Uongozi wake uwe wa safari hiyo tu. Mkirudi Ibaba na kushusha ndoo, umekwisha. Safari ijayo mnachagua tena. Anayeogopa kwamba tutatengeneza dikteta atulie: dikteta wa siku kumi anayeondolewa na theluthi mbili ya kambi si dikteta.

Mpeni mamlaka matatu tu, lakini yawe mamlaka kweli:

1. Kusimamisha kazi. Akisema leo hatuendi mizingani kwa sababu ya upepo au mavazi mabovu, hakuna anayekwenda. Wavu uliochanika haushuki mzingani.
2. Kuamuru chombo cha usafiri. Gari na pikipiki vikiwa kambini haviondoki bila yeye kujua, na mgonjwa akitokea vinatoka bila kujadiliana mafuta.
3. Kumrudisha mtu nyumbani. Anayevunja makubaliano makubwa anapanda na gari la kwanza, na asali yake inafuata ikiwa kamili.

Asipewe ndoo ya ziada kwa sababu ya uongozi. Mkimlipa asali, safari ijayo watagombea wenye tamaa. Mkitaka kumshukuru, mpunguzieni zamu ya kuteka maji.

Mambo ya kuandika kabla ya kushuka

Nunueni daftari moja la bei ndogo. Kaeni jioni moja, andikeni haya, kila mtu atie sahihi au dole gumba.

Ndoo. Kila ndoo iwe na jina la mwenyewe kabla haijaingia asali, kwa rangi isiyofutika. Asali haichanganywi mpaka imekaguliwa mbele ya mwenye nayo. Ndoo ziwe za chakula zenye mifuniko, kamwe zisiwe zilizowahi kuwa na dawa za shamba, na zifunikwe muda wote kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa.

Mizinga ya wasiokuwepo. Hili naliomba kwa namna ya pekee. Vikundi vyetu vina akina mama, na baadhi yao ni wajane, ambao mizinga yao iko bondeni na wao hawashuki. Wanaume wanarudi na kumwambia, "Mama, wako haukuwa na kitu." Labda ni kweli. Labda wake ulivunwa wa kwanza. Hawezi kujua. Andikeni kwamba mzinga wa asiyekuwepo unafunguliwa mbele ya watu wawili wasio ndugu zake, na kilichopatikana kinaandikwa hapohapo na tarehe. Na kama kuna mama anayetaka kushuka mwenyewe, apewe nafasi yake kwenye gari na sehemu yake ya faragha kambini. Kikundi kinachokula jasho la mjane hakina haki ya kulalamika kwamba mnunuzi amekipunja.

Jiko na ulinzi. Anayepika na anayelinda usiku wanafanya kazi sawa na anayepanda mti. Amueni fungu lao mapema. Msiseme "tutamwangalia mwishoni". Mwishoni kila mtu anaangalia ndoo yake.

Matibabu. Kila mmoja atoe kiasi kidogo sawa kabla ya safari, kishikwe na kiongozi. Asiyetumika mgonjwa, fedha zinarudi. Na kila mtu ajue: mwiba wa nyuki unakwanguliwa haraka kwa kucha au kisu butu, na anayevimba uso au kukosa pumzi anapelekwa zahanati saa ileile, hakuna kusubiri aone itakuwaje. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo zamani aseme kabla ya kushuka, abaki jikoni au abaki nyumbani.

Moto. Kurina kwa mwenge wa nyasi kunachoma nyuki, asali inanuka moshi, na msitu unaungua. Tumieni bomba la moshi. Kiongozi ndiye mtu wa mwisho kuondoka kwenye kila mzinga, na kazi yake ni kuhakikisha majivu yamezimwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haitamuuliza nani aliyekuwa na kiberiti, itakikuta kibali chenu cha kuingia msituni.

Pombe. Amueni wenyewe. Mimi nasema isiingie kambini mpaka ndoo ya mwisho ipakiwe.

Mboga ya porini

Nimeliacha hili mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloweza kuwafunga wote.

Kila kambi ina mtu mmoja anayejua kutega. Anaona njia ya funo, anakumbuka waya alioufunga kwenye mzigo, na jioni anakuja na kitoweo. Watu wamechoka na maharage. Hakuna anayeuliza. Wanakula.

Ndugu zangu, kibali cha ufugaji nyuki si leseni ya kuwinda. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ile ni nyara ya serikali. Kukutwa nayo bila kibali kunaweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi, dhamana yake si ya kwenda kuomba kwa mtendaji wa kijiji, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Askari wakiikuta sufuria moto katikati ya kambi ya watu kumi, mtawaambia ni ya nani? Mtamtaja shemeji yenu? Au mtanyamaza wote kwa sababu ninyi ni ndugu, muondoke wote?

Hapa ndipo undugu bila uongozi unapofika mwisho wake. Kila mtu anajua ni kosa, na kila mtu anamwachia mwenzake kusema. Kiongozi aliyechaguliwa ana kazi ya kusema, hata kama anayemwambia ni kaka yake mkubwa. Akague mizigo kabla ya gari kuondoka. Waya ukionekana ubaki Ibaba. Anayetaka kuwinda kihalali aende afuate taratibu za leseni kwa mamlaka husika, na aende kwa safari yake, si ndani ya kambi ya wafuga nyuki.

Dakika ishirini za jioni

Jambo la mwisho ni dogo. Kila jioni baada ya chakula, kiongozi afungue daftari, asome kilichopatikana leo kwa jina la kila mtu, kisha aulize: nani ana jambo? Aanze na mdogo kuliko wote, ili asije akalazimika kupingana na wakubwa walioshasema. Mwenye kinyongo akitoe jioni hiyo. Kinyongo kilicholala kambini siku tatu hakitoki kwa maneno.

Najua mtasema afisa ameleta urasimu porini. Daftari moja na dakika ishirini si urasimu. Urasimu ni ule wa kukaa kwa mtendaji miezi sita mkidaiana ndoo nne za asali iliyokwisha kuliwa.

Basi msimu huu fanya hivi. Siku ya safari, gari likiwa limewashwa na watu wanapanda, uliza kwa sauti: "Kiongozi wetu wa kambi ni nani, na daftari liko wapi?" Likitajwa jina moja na daftari likaonyeshwa, panda. Wakianza kutazamana na mmoja akasema "sisi ni ndugu, tutaelewana huko huko", shusha ndoo zako. Mizinga yako itakusubiri wiki nyingine.

Nawatakia msimu mwema wa kurina. Kikundi kitakachotaka nije tukae jioni moja kuandika daftari lao, nitakuja. Kuongoza kambi, hapana. Hilo nimeshajifunza.